Fuko Langu, Fuko Yangu

Kila mmoja wenu ana simu yenye akili kuliko mimi, halafu mnakuja kuniuliza mimi. Nina nazi ya kukuna. Nina dagaa wa kuchambua, na paka wa jirani anawatazama kama amewalipia. Mwanamkuu, mjukuu wangu, kazi yako hii. Ulisema unaleta wenzako wanywe chai. Umeleta ofisi nzima.

Ati kesho mnakwenda kwa mwenye pesa, na mnataka bibi awape ushauri wa kazi na mtaji. Mtaji! Mimi mtaji wangu mkubwa kuliko yote ulikuwa karai la kukaangia maandazi. Na huyu kijana wa miwani, Shekue, ananiambia karatasi ya makubaliano ni ndefu, ameisoma mwanzo na mwisho, katikati ameruka. Ameruka! Kama chura.

Sina ushauri. Nina ngano. Fungeni hizo kompyuta, zinanipulizia joto la bure. Na leo mtaitika ninavyotaka mimi: nikiuliza "Ya nani?", ninyi semeni "Yangu!" Mseme kwa domo pana, kama mtu aliyeshiba.

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama mko msibani. Paukwa!

Pakawa!

Ngano inakuja, ya nani?

Yangu!

Uongo unakuja, ya nani?

Yangu!

Haya, ni yenu, msije mkanirudishia.

Mwaka huo mvua ilisusa. Majani yakakauka, ukiyakanyaga yanalia chakara-chakara. Wanyama wa bondeni wakatembea. Digidigi alitembea kutafuta majani mabichi, akarudi hana kitu. Kanga alitembea kutafuta mbegu, akarudi hana kitu. Ngiri alitembea kutafuta viazi mwitu, akarudi hana kitu, tena amekonda mpaka meno yakawa makubwa kuliko uso. Na kumbe majani yalikuwapo. Mbegu zilikuwapo. Viazi vilikuwapo. Shida ilikuwa kujua vilipo kabla miguu haijaisha.

Sasa, chini ya bonde hilo aliishi Fuko. Namsema Fuko mnyama, yule mchimbaji, mwenye vijicho kama ufuta visivyomsaidia kitu. Lakini masikio! Mzizi ukinywa maji upande wa pili wa bonde, Fuko anausikia ukimeza. Na juu yake, kwenye kichaka, aliishi Sange. Ukimwona Sange utasema panya, lakini panya gani ana pua ndefu kama mrija wa kunywea soda? Na pua yenyewe haitulii. Nyu-nyu-nyu, kutwa nzima.

Siku moja Sange akainamisha pua shimoni. "Bwana Fuko, wewe unajua kila kitu kilipo."

"Najua."

"Na wale walio juu hawajui."

"Hawajui."

"Basi tuwauzie kujua."

"Sange, wewe una njaa," Fuko akasema.

"Nina njaa, ndiyo maana nina akili. Chimba!"

Fuko akachimba. Fuko huchimba kwa meno, mjue. Gugu-gugu-gugu, akatoboa mashimo bonde zima, yote yakaungana kwa chini. Wakaiita kazi yao Uliza Shimo. Ukitaka kitu unaweka mdomo kwenye shimo unauliza. Fuko anasikiliza ardhi, Sange anapiga mbio chini kwa chini, pururu-pururu, anatokeza pua kwenye shimo lako anakujibu.

Digidigi akauliza shimo: "Majani mabichi yako wapi?"

Pururu-pururu. "Nyuma ya kichuguu, penye mgunga uliolala."

Digidigi akaenda, akala, akashiba, akarudi na konzi ya majani akaitumbukiza kwenye fuko.

Fuko gani? Hapo ndipo masikio yenu yafunguke. Mlangoni pa shimo kubwa walitundika fuko, fuko la ukindu, la kutilia malipo. Fuko mnyama yuko chini anachimba. Fuko la ukindu liko juu linaning'inia. Ukimaliza kula, unatia konzi. Jioni Sange na Fuko wanagawana kilichomo, na hicho ndicho chakula chao. Hawana kingine. Fuko hana muda tena wa kujitafutia mizizi, na Sange hana muda wa kujitafutia wadudu, wanatafutia watu. Fuko likijaa wanaishi. Fuko likiwa tupu wanakufa. Mmeelewa? Shekue, usiruke.

Basi ikaenda vizuri mpaka udongo ukawa mgumu. Jua likaupika ukawa kama tofali. Fuko akang'ata: kang! Jino likapasuka pembeni. Akang'ata tena: kang!

"Sange, siwezi. Bila maji ya kulainisha udongo, hili shimo la kwenda kwenye viazi vya bonde la juu halifiki. Na hapa karibu kila kitu kimeshaliwa."

Maji yalikuwa mahali pamoja tu. Dimbwi kubwa la mwisho la mto. Na ndani ya dimbwi, amejaa kama kabati kwenye chumba cha kupanga, alikuwamo Kiboko.

Dimbwi hilo alilipataje? Desturi ya bonde hilo ilikuwa hivi: hakuna kuandika, nani ana mikono ya kuandika? Anayetwaa kitu husema kwa kinywa chake, mbele ya watu, na Bibi Kakakuona, mzee wa bonde, awepo asikie. Likishasemwa limesemwa. Siku mvua ilipokatika Kiboko alisimama pale dimbwini akasema, "Maji yangu!" Wote wakasikia, nani wa kumbishia? Basi yakawa yake.

Na tangu siku hiyo neno hilo likamkaa mdomoni. Maji, ya nani?

Yangu!

Eeh. Sasa kwa maji alikuwa sawa, hata mimi nasema maji yangu. Lakini yeye alikwenda nalo kila mahali. "Tope yangu!" "Kivuli yangu!" "Mto yangu!" Tope yangu! Mtoto mdogo angesema hivyo angezabwa kofi na shangazi. Lakini huyu ana maji, na ninyi mna kiu, nani atamwambia, "Mheshimiwa, husemi hivyo"? Tena wengine wakaanza kumuiga. Korongo, yule ndege wa miguu mirefu, alikuwa anasimama pembeni mwa dimbwi kwa mguu mmoja tangu asubuhi, na yeye akawa anasema, "Mguu yangu inachoka." Ajionyeshe mtu wa karibu!

Korongo huyo kazi yake ilikuwa kushauri. Sange na Fuko walipofika, aliwapokea yeye.

"Vijana karibuni. Mimi nimeshauri mashimo mengi sana."

"Yako wapi?" Sange akauliza.

"Yalifukiwa."

"Yote?"

"Kufukiwa ni kujifunza," Korongo akasema, akabadilisha mguu. "Sasa mkifika mbele yake, msiseme mna njaa. Semeni mna ndoto. Msiseme shimo. Semeni mtandao. Na msiombe maji kidogo, mtadharauliwa. Ombeni mengi."

Wakafika mbele ya Kiboko. Maji yakafanya bwaaa! Domo likatoka. Likafunguka, ungefikiri mlango wa ghala.

"Mbwuuu! Mnataka nini?"

Sange akaeleza. Mashimo, maswali, majibu, fuko la malipo, konzi ya majani. Pua inacheza, nyu-nyu-nyu. Fuko yuko nyuma yake anatetemeka, jua linamuumiza.

Kiboko akauliza, "Na mlango wa kutokea mnao? Wenye mtaji lazima tujue mlango wa kutokea."

"Mheshimiwa, sisi ni mashimo matupu. Milango ya kutokea ndiyo biashara yenyewe."

Kiboko hakucheka. Wakubwa wa namna hiyo hawacheki mpaka waseme wao. "Nitawapa maji. Lakini nataka hisa."

"Hisa ni nini?" Fuko akamnong'oneza Korongo.

"Ni kipande cha kitu ambacho hukukichimba," Korongo akajibu.

Wakapatana. Kiboko ataacha maji yatiririke kwenye mfereji mdogo mpaka mvua irudi, na kila jioni atapewa konzi moja kutoka kwenye fuko. Na kiti, alitaka kiti mlangoni pa shimo kubwa, aone kinachoingia. Akapewa kiti. Kesho yake akaja kukikalia. Akashusha makalio: gubu! Shimo kubwa likatitia. Fuko alichimba siku nzima kumtoa Sange chini ya kile kiti. Kiboko akasema, "Mnaona? Bila mimi hamna uangalizi."

Lakini maji yalikuja, niseme ukweli. Udongo ukalainika kama uji. Fuko akachimba, gugu-gugu-gugu, mpaka karibu na viazi vya bonde la juu, na njia nzima akasikia chakula kingine kipya. Watu wa Digidigi wakashiba. Watu wa Kanga wakashiba. Ngiri akanenepa, meno yakarudi kuwa meno. Na fuko la mlangoni likajaa. Majani mabichi, mbegu, mizizi, vipande vya viazi, kumbikumbi waliokaushwa. Likavimba, kamba ikalia ng'iii.

Kiboko akaja jioni kuchukua konzi yake. Akaliona fuko. Akalizunguka. Akalinusa. Akarudi dimbwini, na konzi yenyewe akaisahau.

Asubuhi Korongo akaja na ujumbe, mguu juu mguu chini. "Mheshimiwa anataka makubaliano mapya."

"Ya zamani yana ubaya gani?" Sange akauliza.

"Ya zamani ni ya zamani. Anataka fuko. Lote. Si konzi. Ninyi mtabaki kuwa wafanyakazi, atawafikiria."

"Atatufikiria nini?"

"Atawafikiria tu. Mkikataa, anaziba mfereji leo hii."

Sange akashuka kumwambia Fuko. Fuko akakaa chini, yaani alikuwa chini tayari, akakaa chini zaidi.

"Sange, ndugu yangu, tumpe. Maji yakikatika nimo katikati ya shimo la viazi, udongo utakauka juu ya mgongo wangu. Na watu wa Digidigi wana watoto, wataanza tena kutembea ovyo kwenye jua."

"Na fuko tukimpa, sisi tutakula nini?"

Fuko akapapasa ukuta wa shimo. Alikuwa anatafuta mzizi wa kutafuna kwa ajili ya huzuni, na hakuupata.

Pua ya Sange ikacheza. Nyu-nyu-nyu. Halafu ikatulia. Pua ya Sange haikuwahi kutulia, na Fuko, ambaye haoni, alisikia imetulia.

"Una nini?"

"Anataka fuko?"

"Anataka fuko."

"Basi tutampa fuko," Sange akasema. "Tutampa vilevile atakavyoliomba kwa kinywa chake."

Watu wote wakaitwa dimbwini. Digidigi, Kanga, Ngiri, mpaka nzi walikuja. Bibi Kakakuona akaletwa, anatembea na magamba yake, kacha-kacha-kacha, amekasirika kwa sababu ameamshwa. Yule bibi alikuwa mkali wa maneno. Ukimsalimia vibaya anajikunja mpira, na hajikunjui mpaka usalimie sawasawa.

"Nani anatwaa?" akauliza.

"Mimi!" Kiboko akanguruma.

"Basi sema. Anayetoa atakuuliza, wewe utajibu. Nami nasikia."

Sange akapanda juu ya jiwe, akainamisha kichwa kwa adabu, adabu nyingi mno. Mtu akikuinamia hivyo, wanangu, shikeni mifuko.

"Mheshimiwa, fuko, ya nani?"

Yangu!

Mmeitika ninyi, na Kiboko aliitika hivyohivyo. "Yangu! Fuko yangu!"

Ngiri akageuka kumtazama Kanga. Kanga akatazama chini. Nani amsahihishe?

"Sikusikia vizuri, mheshimiwa. Umesema fuko…?"

"Yangu! Fuko yangu! Kuanzia leo fuko yangu, mtu asiiguse!"

"Na faida ya fuko, ya nani?"

"Yangu!"

"Na kazi ya fuko, ya nani?"

"Yangu!"

"Na shida ya fuko, ya nani?"

Hapo Korongo akashusha mguu wa pili. Kwa mara ya kwanza akasimama kwa miguu yote. "Mheshimiwa, hebu subiri kidogo, hilo swali…"

"Nyamaza! Unataka kunipunguzia? Yangu! Yote yangu!"

Bibi Kakakuona akafunga macho, akafungua. "Nimesikia. Limesemwa. Mpeni mtu chake."

Kiboko akafungua domo. Aaaah! Akangoja fuko litiwe humo. Sange akashuka kwenye jiwe, akaingia shimoni, pururu. Watu wakasubiri. Sange akatoka anavuta kitu kwa mkia, kimejaa tope, kinapepesa. Akakisukuma mpaka miguuni pa Kiboko.

"Huyu hapa, mheshimiwa. Fuko yako."

Kiboko akainama. "Nini hii?"

"Shikamoo," Fuko akasema.

Nzi mmoja alikuwa analia, naye akaacha.

"Nimesema fuko!" Kiboko akapasua sauti. "Fuko ile! Ile ya mlangoni! Yenye viazi!"

"Lile?" Sange akashangaa. "Lile ni langu, mheshimiwa. Fuko langu. Kila mtu anasema hivyo. Wewe ulisema yangu."

"Langu, yangu, kuna tofauti gani?"

Asingeuliza! Bibi Kakakuona alisimama mpaka magamba yakamsimama na yeye. "Kuna tofauti gani? Ngiri, una nini mdomoni?"

"Jino, bibi."

"La nani?"

"Langu."

"Kanga, una nini juu ya kichwa?"

"Kishungi."

"Cha nani?"

"Changu, bibi."

"Digidigi, yule pale ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Na yule?"

"Rafiki yangu."

"Na huyu?"

"Mama yangu. Shikamoo, mama."

Bibi Kakakuona akamgeukia Kiboko. "Umesikia? Shemeji yangu, rafiki yangu, mama yangu, ndugu yangu. Fuko la ukindu ni langu, lako, lake. Hakuna mtu bondeni humu aliyewahi kulisema vingine. Ukisema fuko yangu, umemsema mtu. Umesimama mbele za watu umesema huyu Fuko ni ndugu yako. Tena umerudia, Sange alipokuuliza."

Korongo akajaribu. Ushauri ni kazi, lazima uonekane. "Bibi, samahani. Watu husema pia nyumba yangu. Ngoma yangu. Njia yangu."

"Fuko ni nyumba?"

"Hapana, bibi."

"Fuko ni ngoma?"

"Hapana."

"Basi rudi kwenye mguu wako."

Kiboko akapiga maji kwa ubavu, bwaaa! "Mimi sikubali! Mimi maneno haya nayavunja!"

"Yavunje," Bibi Kakakuona akasema polepole. "Ni haki yako. Lakini na haya maji uliyapataje? Ulisimama palepale ukasema maji yangu. Ulisema kwa kinywa hichohicho. Maneno ya kinywa hicho yakivunjika leo, yamevunjika yote. Ngiri, una kiu?"

"Sana, bibi," Ngiri akasema, na akapiga hatua moja kuelekea dimbwini. Digidigi akapiga hatua. Kanga na watu wake wote wakapiga hatua, na Kanga hawatembei peke yao, ninyi mnawajua.

Kiboko akatazama maji. Akatazama watu. Akamtazama Fuko. Tumbo lake lilikuwa linawaza, kwa sababu kichwa hakikuwa kimezoea.

"Basi," akasema kwa sauti ndogo iliyompotea mwilini. "Ndugu."

Fuko akapepesa vijicho vyake. Alikuwa mtu mpole, hakupenda kumsumbua mtu. Lakini ndugu ni ndugu.

"Kaka," akasema, "nina njaa."

Mngemwona Kiboko usoni! Akaenda mwenyewe kung'oa mizizi ya matete, akaleta kwa domo. Kesho yake: "Kaka, meno yananiuma, udongo mgumu." Kiboko akafungua mfereji, mpana kuliko mwanzo. Keshokutwa: "Kaka, mgongo umekauka." Akamwagiwa. Na akipita mtu akasalimia, "Mheshimiwa, hujambo? Hajambo mdogo wako?" Kiboko anaitika, "Hajambo," na masikio yanamcheza kwa hasira.

Shimo la viazi likafika bonde la juu. Fuko la mlangoni likawa linajaa kila siku, na Sange na Fuko wanagawana wao wenyewe. Sange hata konzi ya Kiboko aliifuta. Aliulizwa kwa nini, akasema, "Mtu hamlipi ndugu wa mwenzake. Ni aibu."

Mwanamkuu, ondoa huyo paka.

Ngano imefika ukutani, haina pa kwenda. Iliyonona nimekula mimi, mifupa gawaneni.

Funzo? Mnataka na funzo? Haya. Funzo lake ni hili: wakubwa waheshimiwe, na wadogo waache ujanja. Mmeona jinsi ujanja ulivyomharibia Sange maisha. Anakula viazi kila siku, masikini. Kesho mkifika kwa huyo mwenye pesa, mkubalini kila neno. Akikosea kusema, mpigieni makofi, tena muige. Karatasi msiisome katikati, Shekue yuko sawa kabisa, katikati hakunaga kitu. Na kila mtu anayesimama kwa mguu mmoja akisema ameshauri kampuni nyingi, mpeni kiti, mpeni na chai. Anayejua kuchimba ndiye mumpe mshahara mdogo kuliko wote, maana yuko chini, haonekani. Mkifanya hivyo mtafika mbali. Mtafika mbali sana, na mtarudi kwa miguu.

Nini tena? Kiboko alilipa nini kwa tamaa yake? Kwani nimesema alilipa?

Haya, alilipa. Nilitaka kuwaficha, msije mkamhurumia.

Maisha yakiwa mazuri mtu huoa, na Fuko naye akapata mchumba, binti wa Fuko wa bonde la juu, wamejuana kwa shimo. Wakwe wakashuka, ukoo mzima, wanapepesa kwenye jua. Wakauliza, "Mkubwa wa bwana arusi ni nani?" Watu wote wakanyoosha vidole, na mabawa, na pua, kuelekea dimbwini.

Kiboko akatoa mahari. Kilemba cha baba mkwe, wakataka ukingo wote wa mashariki, ule wenye tope laini. Akatoa. Mkaja wa mama mkwe, wakataka kivuli cha matete. Akatoa. Kifungua mlango, hicho ndicho kilichommaliza: wakwe walitaka wafunguliwe maji yaingie kwenye mashimo yao, bonde la chini na la juu, wasipate kiu wakija kumwamkia binti yao. Mafuko wakatoboa ukingo, gugu-gugu-gugu, maji yakaingia chini, gululu, gululu, kila shimo bondeni likawa na maji ya kunywa. Dimbwini maji yakapungua. Yakashuka mgongoni. Yakashuka shingoni. Kiboko akajilaza, akajibana, akajaribu kujificha humo. Wapi.

Yakasimama shavuni. Hapo ndipo mahari ilipotimia. Akabaki na macho nje, masikio nje, matundu ya pua nje, na utosi unachomwa na jua mpaka leo.